Nati ya Oili Niliyoinyamazia

Mwanangu Subira,

Salamu naziruka, maana uko chumba cha pili tu na nakusikia unavyovuta utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Afya yako naijua: umemaliza wali wote niliouacha kwenye sufuria. Yangu unaijua pia. Kilichobaki ni jambo moja ambalo nimeshindwa kukwambia uso kwa uso, mimi Athumani ambaye jamaa zetu wote wa Brooklyn Park wanajua sijawahi kushindwa kusema chochote. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani jikoni tangu saa kumi. Jua la Agosti bado liko juu, ndege zinashuka uwanjani zikipita juu ya paa letu, na nimeshachana karatasi tatu.

Humu hutakuta habari za koti zito wala za kula kwa wakati. Hapa Richfield, Marekani, umekaa miaka mingi kuliko uliyokaa Korogwe, na baridi unaijua kunizidi, ingawa watu nawaambia vingine. Duluth unakohamia kesho nayo naijua. Niliwahi kupeleka friji kule, theluji imeziba barabara mpaka nikawa naendesha kwa kunusa, na askari wa barabarani akaniomba nitangulie yeye anifuate nyuma. Hiyo umeisikia mara arobaini. Leo nakwambia ilivyokuwa: friji nilipeleka. Theluji ilikuwa ya kawaida. Askari hakuwepo.

Umeona? Nimeanza kuzoea. Nataka nifike mahali pagumu nikiwa nimeshapasha moto.

Mwaka jana uliponiletea ile karatasi yako nilikataa kabla sijaisoma. Siku nne kazini mjini Savage kutengeneza programu za kompyuta za bandari ya mtoni, siku moja darasani, miaka minne, mwisho wake shahada kama ya wenzio, na ada analipa mwajiri. Nikakwambia huo ni utapeli. Nikasema chuo cha kweli kinakufukuza usipolipa. Wewe ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako, kwamba ni uanagenzi, na kwamba mimi mwenyewe nilijifunza kazi hivyohivyo kwa fundi. Kiingereza chako nitakiandika kwa Kiswahili humu. Barua ni yangu. Nikasema mimi nilifundishwa na Fundi Hamza, mtu aliyekuwa akisikiliza injini kwa kuweka meno kwenye bisibisi, siyo na kompyuta. Lakini moyoni ile hoja ilinikaa.

Kesho yake nikavaa suti yangu ya harusini, nikaendesha mpaka Savage kwenye yale maghala kando ya mto, nikauliza mkubwa wa mwanangu ni nani. Akatoka Marlys, mama mwenye nywele nyeupe na viatu vya kiwandani, akanipa kahawa nyepesi ambayo unaona kitako cha kikombe. Nikamwambia mimi ni injinia wa mitambo. Hakuniuliza cheti. Akasema, "Basi utaelewa. Hapa tunamfundisha mtu kazi, na chuo kinamfundisha kwa nini." Nilirudi nyumbani nikakwambia nimeukagua mradi mzima na nimeuruhusu.

Halafu nikaanza kukutangaza. Kwenye ile harusi ya Brooklyn Park, yule mama wa meza ya keki akaniuliza, "Shem, huyo mtoto mbona hasomi unesi kama wenzake?" Nikamjibu, "Wanawe Athumani hawapimi watu presha. Huyu anaziendesha bandari zote za mto kwa kidole." Akasema, "Kidole gani hicho, mbona hata sahani za jikoni hajagusa?" Meza nzima ikacheka, ukainamisha kichwa. Ulikuwa na wiki tatu kazini. Kazi yako ilikuwa kusoma maandishi ya programu ya wenzako na kurekebisha rangi ya vitufe kwenye skrini. Nilijua. Uliniambia mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na usifikiri ni hilo la harusi.

Mwezi wako wa kwanza kazini ulikuwa unaniambia habari za kile kikao cha asubuhi, mnavyosimama duara, kila mtu anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini, na amekwama wapi. Mimi nikashtuka. Nikakuuliza, "Mtu anasimama mbele ya mkubwa wake anasema amekwama? Na kesho anarudi kazini?" Ukasema ndiyo, hata Marlys husema. Nikakukalisha kwenye kochi hilohilo unalolifunga plastiki sasa, nikakupa elimu yangu. Nikasema kwa fundi mwanafunzi haulizi, anatazama mikono. Nikasema ukikwama sema unakaribia kumaliza. Nikasema kitu kikiharibika mkononi mwako, kitengeneze kabla fundi hajageuza shingo, kwa sababu kosa ambalo hakuna aliyeliona si kosa. Nilisema vizuri sana. Hata mikono niliirusha. Na wewe, mtoto uliyefiwa na mama ukiwa na miaka kumi na miwili na hukubakiwa na mwingine wa kumsikiliza, ukanisikiliza.

Ikaja ile Jumanne ya Februari. Nilikuwa nimeegesha gari la mizigo nakula, ukanipigia kutoka chooni, unanong'ona.

"Mjomba, nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Ratiba ya malori. Ya wiki nzima. Nilidhani niko kwenye ile ya majaribio, kumbe ni yenyewe."

"Kuna mtu kaona?"

"Bado."

"Basi nyamaza. Irudishe kimyakimya."

"Marlys alisema tukikwama tuseme."

"Marlys ana kazi tayari," nikakwambia. "Wewe ndiyo unaitafuta. Funga mdomo, fungua kompyuta."

Nikakata simu nikamalizia ugali wangu. Nakumbuka niliona nimefanya kazi ya baba.

Ukapata nakala ya wiki iliyopita, ukaiweka, ukaipanga upya kwa mkono mpaka usiku. Jumatano malori yakaja kwenye milango isiyoyasubiri. Foleni ikatoka getini ikafika barabara kuu. Wakaanza kumtafuta mchawi, wakamkuta Lupe, yule dada wa getini anayeandikisha malori kwa mkono, wakasema ni yeye aliyekosea namba. Wakamwambia abaki nyumbani Alhamisi, wachunguze.

Jioni ile ulikaa hapa ninapokaa sasa, sahani iko mbele yako hujaigusa. Ukaniambia habari za Lupe, kwamba ana watoto wawili, kwamba kila Ijumaa anawaletea mahindi ya kuchoma. Na mimi nikasema, naandika kama nilivyosema, "Huyo atapata kazi nyingine."

Uliniangalia kama unaniona kwa mara ya kwanza. Halafu ukaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili safi kile unachokificha siku zote: "Mjomba, wewe ungenyamaza?"

Nikawasha televisheni.

Hilo ndilo swali ninalolijibu leo, nimechelewa miezi sita. Lakini kwanza niseme ulichofanya wewe, kwa sababu mimi nimekisimulia vibaya mahali pote. Nimewaambia watu kwamba ulimwita mkurugenzi ukamtolea hotuba, na kwamba wafanyakazi walisimama. Haikuwa hivyo. Asubuhi ya Alhamisi mlisimama duara, zamu yako ikafika, ukasema, "Nimekwama tangu juzi. Siyo Lupe, ni mimi." Basi. Uliniambia sauti ilikutoka ndogo mpaka mmoja akakuomba urudie, na kwamba kurudia ndiko kulikokuwa kugumu.

Marlys hakupiga kelele. Akatoka nje akampigia Lupe kabla ya jambo jingine lolote. Kisha wakakuingiza kwenye chumba, wewe na wenzako wanne na yule mwalimu wenu wa chuo kwenye skrini, wakaandika yote yaliyotokea saa kwa saa. Ukaniambia kwenye ile karatasi hakuna jina la mkosaji. Wanaandika "mtu alifuta", halafu wanauliza mfumo uliachaje mlango wazi mpaka mtu akaweza kufuta. Niliposikia hivyo sikukuamini. Nikadhani wanakutega.

Mwishoni Marlys akakubakisha peke yako. Maneno yake uliyarudia mara nyingi mpaka nami nayajua: "Kufuta ni kosa la mlango wetu, tutaurekebisha. Siku mbili za kimya ni zako." Akasema atakaa na chuo waamue kama unaendelea.

Zile wiki mbili za kusubiri, Subira, nilijifanya mzima. Nikawa nakuambia hao hawawezi kukuacha, wataipata wapi akili kama yako. Lakini nilikuwa najua kitu kimoja ambacho wewe hukukijua: zile siku mbili hazikuwa zako. Zilikuwa zangu. Ulikuwa unahukumiwa kwa sauti yangu. Na sikwenda kwa Marlys kumwambia, mimi niliyekwenda na suti kumkagua.

Walipokupa miezi mitatu ya kuangaliwa, na wakakupa kazi ya kutengeneza ile kufuli, kwamba asiweze mtu yeyote kufuta kitu cha kweli mpaka mtu wa pili akubali, ukaifanya kazi hiyo kama mtu anayejenga ukuta wa nyumba yake. Uliiandika kwenye daftari lako la chuo, na mwalimu wako akasema ndiyo kazi bora uliyoileta mwaka mzima. Mwezi wa tano ikaja barua kwamba unaendelea, na kwamba mwaka wa pili unaufanya Duluth, bandarini. Ulinisomea kwenye simu. Nikakwambia nilijua tu, nikakata haraka kwa kuwa niko kazini. Kazi gani. Niliegesha gari nyuma ya duka la matairi nikalia mpaka kioo kikafunga ukungu. Mzigo ulinishuka mabegani, nikahisi naweza kulibeba lile gari.

Basi, swali lako.

Siku zote nimekwambia niliondoka gereji ya Korogwe kwa sababu Fundi Hamza aliogopa nitamnyang'anya wateja. Kwamba malori yalikuwa yanatoka Tanga yananitafuta mimi, kijana wa miaka kumi na tisa. Nisikilize sasa, na hii haina chumvi.

Tulikuwa wanafunzi wawili pale, mimi na Salehe. Mimi shule niliacha darasa la sita, yeye alimaliza la saba, na kwa mikono alikuwa ananizidi. Sijawahi kulisema hilo. Alikuwa akikaza nati anafumba macho, anasikiliza. Siku moja likaja lori la mbao, linataka kubadilishwa oili, linaondoka alfajiri. Tuliingia chini wote wawili. Yeye akashika chujio, mimi nikamwaga oili ya zamani. Nikairudisha ile nati ya chini inayoziba oili kwa vidole, nikasema nitaikaza nikishapata spana namba kumi na tisa. Mtu akaniita chai. Nikaenda.

Jioni nikiwa nimeshaoga nyumbani, nikakumbuka. Siyo kwamba nilikuja kukumbuka baadaye, hapana. Nilikumbuka jioni ileile, bibi yako ananipakulia, na lori lilikuwa bado liko pale gereji, umbali wa kutembea kidogo tu. Nikafikiri: nikirudi, Fundi ataniuliza nimefuata nini. Nikafikiri labda Salehe aliona akaikaza. Nikala.

Lori lilifika njiani likamaliza oili yote, injini ikakamata, ikafa. Dereva akarudi na watu. Fundi Hamza akatupanga mbele ya gereji, akauliza nani aliikaza ile nati. Salehe akasema, "Fundi, nadhani ni mimi niliyekuwa chini mwisho." Alisema "nadhani". Mtu mkweli hana uhakika, ndivyo alivyo. Mimi nilikuwa na uhakika na nikatazama viatu vyangu. Fundi akachukua boksi la spana la Salehe, akalirusha barabarani, akamwambia asikanyage tena.

Nilibaki pale miaka miwili. Salehe nilikuwa nikimwona sokoni anasukuma mkokoteni wa magunia. Alikuwa akinisalimia vizuri: "Fundi Athumani, vipi kazi?" Nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisisalimiwe. Ndiyo maana niliondoka Korogwe. Hakuna aliyenifukuza na hakuna mteja aliyenifuata. Nilikimbia salamu.

Kwa hiyo uliponiuliza kama ningenyamaza, jibu ni kwamba nilinyamaza. Halafu nikaja nikakufundisha wewe kunyamaza, nikaiita elimu ya gereji. Wala siyo kweli kwamba Fundi Hamza alitufundisha hivyo. Alikuwa mkali, lakini alikuwa anatuambia kila jioni, "Kabla hamjanawa mikono, semeni kilichobaki." Hilo sikukupa. Nilikupa lile lililonifaa mimi.

Wiki iliyopita nilitafuta namba ya Salehe. Binamu yetu wa Korogwe alinipatia, akasema Salehe anauza mbogamboga sasa karibu na stendi. Nikampigia Jumapili asubuhi, kule jioni, wewe ulikuwa umetoka kununua maboksi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Unanijua. Alipopokea nikasema, "Salehe, ni Athumani wa gereji," akafurahi, akaanza kuuliza watoto, Marekani, baridi. Nikamkatisha. Nikasema, "Ile nati ya lori la mbao. Ni mimi. Niliiacha kwa vidole nikaenda chai. Nilijua siku ileile."

Nikasikia watu wa sokoni nyuma yake wanabishana bei ya nyanya.

Akauliza, "Ilikuwa namba ngapi ile nati?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," akasema. Halafu akaendelea, "Athumani, mimi miaka yote nilijua ni mimi. Nilikuja kupata kazi gereji ya Muheza, nikakataa. Niliogopa mikono yangu. Hata baiskeli ya mwanangu nilikuwa nampa mtu mwingine akaze."

Nikadhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Badala yake nikasikia anapumua, ile pumzi ya mtu anayetua gunia. Akasema, "Kumbe mikono yangu ilikuwa mizima." Akarudia kwa mkewe aliyekuwa karibu, "Mama Zuhura, unasikia? Mikono yangu ilikuwa mizima." Akacheka, nami nikalia, tukawa watu wazima wawili tunafanya vituko kwenye simu. Kabla hajakata akaniambia, "Ungesema mapema, bwana. Ningekuwa fundi mzuri." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anaeleza hali ya hewa. Ndilo neno nitakaloondoka nalo duniani.

Sasa unaelewa kwa nini nimekuwa mwepesi wiki hii, mpaka ukaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nimefurahi kwamba Salehe kajua. Na zaidi nimefurahi kwamba Lupe alikaa nyumbani siku moja tu. Siku moja, Subira. Salehe alikaa maisha. Tofauti yao ni kwamba katika duara lenu kulikuwa na msichana aliyeniasi.

Sikuombi uwe jasiri huko Duluth. Ujasiri unao, mimi ndiye niliyejaribu kuutoa. Ninachoomba ni kidogo: ukinipigia ukiwa umekwama, nami nikaanza kurusha mikono, nikatie simu umpigie mtu wa duara lako.

Na jambo la mwisho. Leo mchana nimekubadilishia oili ya gari. Wewe ulikuwa unapanga vitabu. Nati yake nimeikaza kwa spana, siyo kwa vidole, kisha nikanawa, kisha nikarudi nikaikaza tena. Jirani wetu Papa Didier alikuwa anapita na takataka zake, nikamwita nikamwomba ainame aangalie. Akashangaa, akasema, "Papa Athumani, wewe leo unaomba mtu akukague? Unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akaangalia, akasema sawa.

Lakini Papa Didier ni fundi cherehani, na mimi unanijua. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, utakuta nimekutandikia boksi chini ya gari na tochi iko juu ya tairi la mbele. Nimeikaza, mwanangu. Ila usiniamini kwa maneno. Lala chini uangalie mwenyewe.

Mjomba wako,
Athumani